Kidhibiti Mwendo

Leo tutafakari juu ya chombo kidogo kilichomo ndani ya matatu. Mwaka 2004, Bwana John Michuki alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, sheria ilianza kutekelezwa: kila matatu ifungwe kidhibiti mwendo, isipite kilomita 80 kwa saa, na kila abiria afunge mkanda. Lakini wako madereva ambao hukata waya wake, na kuuunganisha tena wakaribiapo polisi.

Tuseme gari limefika kilomita 120. Mwendo umeongezeka kwa nusu tu, lakini breki zahitaji nafasi zaidi ya maradufu kulisimamisha. Na mtoto avukaye barabara hana habari ya waya uliokatwa.

Ndugu zangu, polisi aweza kudanganywa; breki hazidanganyiki, wala Mungu hadanganyiki. Mpaka tuliowekewa haukutunyima uhuru, bali walinda uhai wetu na wa jirani. Basi tupandapo matatu, tusimhimize dereva akimbie. Akizidisha mwendo, tumwambie kwa upole, "Ndugu, punguza." Afadhali tuchelewe kufika kuliko tusifike kabisa. Bwana awe nanyi safarini.