Lango la maji Malagarasi
Msikilizaji, tuangalie mradi wa umeme wa maji wa mto Malagarasi, mkoani Kigoma, megawati 49.5. Kwa mwenye mashine ya kusaga pale Mwandiga, umeme wa uhakika ni riziki. Hilo halina ubishi.

Sasa tugeukie upande wa pili. Mpango wa awali wa umeme kwenye mto huohuo, pale maporomoko ya Igamba, ulikosa fedha za Marekani kwa hofu ya viumbe adimu wa mtoni. Hapo ndipo lango la maji, yaani mdomo wa kuingizia maji mtamboni, linapohusika. Likiwa pana, maji huingia taratibu. Kwa mitambo inayovuta maji ya kupoozea, kanuni za Marekani hutumia sentimita 15 kwa sekunde, kasi ambayo samaki wengi wadogo huimudu wakageuka. Wavu wa matundu madogo nao huzuia samaki asivutwe mtamboni. Wavu huziba, kuusafisha ni gharama, lakini kwangu mimi ni gharama ya haki.

Je, wavuvi wa Malagarasi wameulizwa samaki huzaliana wapi, na lini?