Picha ya Pesa Si Pesa: Kuuzia Mnunuzi wa Ng'ambo bila Kuibiwa

(Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, mkutano wa mwezi, Kasuku)



Leo tumekuja na habari moja tu: kuuza vitu vyetu kwa watu wa ng'ambo. Tuliporudi Kindu, wengi wetu tulikuta nyumba bila mlango. Lakini hapa na pale kitu kilibaki: kiti cha mti cha babu, kikapu, mkeka uliosukwa kabla ya kukimbia. Sasa simu ziko, picha inafika Brussels kwa dakika moja, na wanunuzi wanauliza bei. Ni jambo jema. Lakini mwaka uliopita lilituumiza, na hatutaki kuficha.

Mama mmoja wa kikundi chetu alionyesha viti viwili vya zamani na mkeka, bei dola 80. Mtu akaandika kwa Kifaransa kizuri, hakubishana bei hata kidogo. Kesho yake akatuma picha ya karatasi ya benki: dola 230. "Mama, nimezidisha. Ile 150 umtumie msafirishaji wangu kwa simu, yuko njiani." Mama hakuwa nayo. Akataka kukopa kwenye sanduku la likelemba, akatuuliza kwanza. Na siye wenyewe, tunaojiita watu wa masomo, tulimwambia: "Tuma tu mama, karatasi si iko hapa?" Akatuma. Msafirishaji hakufika. Pesa ya benki haikuingia, kwa sababu haikutumwa kamwe. Ile 150 ilikuwa makuta ya wanachama kumi na wawili. Tuliirudisha pamoja, kidogo kidogo, kwa miezi mitano, na kosa lilikuwa letu kuliko la mama.

Kwa hiyo tumejiwekea desturi tano.

Ya kwanza: picha ya pesa si pesa. Watu wawili wa kamati wanaenda na muuzaji mpaka benki au kwa ajenti, wanaona pesa imeingia, ndipo mzigo unafungwa. Mtu akisema amezidisha, haturudishi kitu kwa njia ya simu. Benki yenyewe ithibitishe, na pesa irudi njia ileile iliyojia. Namba ya siri haipewi mtu, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni ya simu. Na kama ndugu yetu wa Ulaya anapokea kwa PayPal, tukumbuke kwamba mnunuzi ana siku 180 za kulalamika. Tutunze karatasi za kutuma na za kupokelewa muda wote huo.

Ya pili: sema kasoro mwenyewe. Binti wa mmoja wetu, aliyekimbilia Ubelgiji, anafanya kazi kwenye zizi la farasi na anauza matandiko yaliyotumika kwa wanunuzi wa Marekani. Alituambia: "Ninapiga picha ya kila mkwaruzo na kila uzi uliokatika, naweka na kipimo. Mnunuzi akishaona ubaya kabla ya kulipa, hana la kurudisha." Sisi hapa hatuna farasi, lakini kiti chenye ufa ni ndugu ya tandiko lenye ufa. Tupige picha pande zote, tuandike urefu, kilo, na kama mguu mmoja ulitengenezwa upya, tuseme.

Ya tatu: kufunga vizuri. Mti ukauke kabisa, mkeka uanikwe juani, maana unyevu ukifungiwa ndani unaleta ukungu njiani. Tukague matundu ya wadudu. Tusipige sanduku la mbao mbichi: nchi nyingi zinadai mbao za kufungia ziwe zimepashwa moto wa digrii 56 mpaka kiini kwa dakika 30 na kupigwa muhuri. Katoni mbili, moja ndani ya nyingine, zinatutosha.

Ya nne: karatasi ya duwane iandikwe ukweli. Wanunuzi wengine wanaomba: "Andika zawadi, andika dola 10." Tukikubali, mzigo ukipotea bima inalipa ile 10, na ukikaguliwa jina la mtumaji ndilo liko pale. Tena tupatane kabla: nani analipa usafiri mpaka Kinshasa, nani analipa ushuru kule unakofika.

Ya tano, na hii ni nzito: kuna vitu havitoki, hata kwa pesa gani. Pembe ya tembo, ngozi ya chui, magamba ya kakakuona. Na manyoya ya kasuku. Komini yetu inaitwa kwa jina la ndege huyu, lakini tangu 2017 yeye naye yuko kwenye orodha ya juu ya mkataba wa CITES, ambayo inakataza biashara ya nchi kwa nchi. Kofia ya babu yenye manyoya yake mekundu ya mkia inaweza kumfunga mjukuu.

Balega wenzetu wa Pangi wanajua zaidi. Vitu vya Bwami, sura za mti na sanamu za pembe, vilikuwa na daraja zake na wenyewe wa kuvishika. Wakoloni walipiga marufuku Bwami mwaka 1948, na vingi vilienda Ulaya. Sheria ya 1971 inalinda urithi wa namna hiyo. Mnunuzi akiomba kitu hicho, jibu si bei. Jibu ni kuita wazee kwanza.

Wafadhili wetu, tunaomba mizani moja ya kilo na daftari gumu la mauzo. Ninyi wanachama, tunawaomba neno moja: asiuze mtu peke yake. Mwizi wa simu anapenda haraka na anapenda mtu aliye peke yake. Tukiwa wawili, mmoja atauliza: pesa iko wapi, tuione? Mwaka uliopita hatukuuliza.