Ulaya Tunayoitaka ni ya Nani?

Ndugu msikilizaji, ukiteremka kutoka Nkoaranga kuelekea Usa River utapita migomba na mibuni, na kule chini utaona nyumba za nailoni zinamokuzwa maua. Soko kubwa la maua hayo liko Ulaya. Kwa hiyo wale wanaotuhimiza tuisogelee Ulaya, na wale wanaotukataza, wote wanazungumzia sahani yetu.

Mjadala huu si mpya. Tarehe 24 Septemba 1969, hapa hapa Arusha, Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wa biashara na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya. Mwaka 1975 ukaja Mkataba wa Lomé. Mwaka 2014 yakakamilika mazungumzo ya mkataba mwingine, EPA kwa kifupi. Kenya na Rwanda zilitia saini Septemba 2016. Tanzania ilikataa, na Novemba mwaka huo Bunge likashauri tusisaini.

Waliopigia debe mkataba huo kwa nguvu ni wakulima wakubwa wa maua wa Kenya. Nawaelewa. Nchi yao haimo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi maskini kabisa, na mwishoni mwa 2014 maua yao yalitozwa ushuru Ulaya. Waliopinga, akiwamo Rais mstaafu Benjamin Mkapa, walihofia kwamba kuondoa ushuru kwa zaidi ya asilimia 80 ya bidhaa za Ulaya kungeua viwanda vyetu vichanga. Nao nawaelewa.

Kenya ikaenda peke yake. Mkataba wake ulianza kazi tarehe 1 Julai 2024. Sisi tunauza bila ushuru kwa sababu tungali katika orodha ile ya maskini. Hapo ndipo penye kazi. Nchi ikitoka katika orodha, upendeleo huo huendelea miaka mitatu tu, kisha basi. Hatuwezi kuomba tubaki maskini ili tuuze maua.

Tena ushuru ni mlango mmoja tu. Mwaka 2023 Ulaya ilipitisha sheria inayotaka kahawa ijulikane imetoka shamba gani, na kwamba hapakukatwa msitu baada ya mwaka 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa, lakini haujafutwa. Mwenye shamba kubwa ataajiri mtaalamu. Mama mwenye mibuni mia mbili nyuma ya nyumba, nani atampimia?

Nawashauri wapiga debe wa pande zote mbili waache kumbi za hoteli, waje kwenye mikutano ya vyama vya msingi. Waeleze kwa Kiswahili, na kwa Kimeru pale inapobidi, nani atapata na nani atalipa. Mkataba ambao mwenye mbuni hauelewi, hata ukiwa mzuri namna gani, ni wa wengine.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.