Kuutua Mzigo
(Dominika ya 18 ya Mwaka C: Luka 12:13-21)



Injili ya leo yatuletea habari za mtu tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana, hata akakosa mahali pa kuweka mavuno. Tumezoea kumwona mtu huyu kuwa mpumbavu tangu mwanzo, nasi twasahau kwamba Injili haisemi popote kuwa aliiba, wala kwamba aliwapunja vibarua wake. Alilima, ardhi ikazaa, akavuna. Kosa lake li wapi, basi? Tuyaangalie maneno yake. Anazungumza na nafsi yake peke yake. Katika mipango yake hamna mke, hamna jirani, hamna maskini, hamna Mungu. Kila anachokitaja ni chake, chake, chake. Alidhani ameyapata maghala. Kumbe maghala ndiyo yaliyompata yeye.

Tuulete mfano huu karibu na nyumbani. Kila mkazi wa Dar es Salaam aijua Kariakoo, lakini si wote wanaokumbuka asili ya jina lake. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya 1914 hadi 1918, Waingereza walikusanya Waafrika wengi mno, wengine kwa nguvu, ili wawabebee askari vyakula na risasi. Kikosi hicho cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps, na vinywani mwa watu wetu jina hilo likawa Kariakoo. Wapagazi hao walikufa kwa maelfu, na waliouawa na maradhi, njaa na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Walikufa chini ya mizigo isiyo yao, katika vita visivyo vyao.

Leo hatushurutishwi na askari yeyote. Hata hivyo, tukipita Mtaa wa Kongo asubuhi, tutawaona wachukuzi wakisukuma mikokoteni na kujitwika marobota. Kazi yao ni ngumu, lakini jioni mchukuzi huutua mzigo, akapokea ujira wake, akaenda zake. Yupo mwingine, mwenye duka na stoo mbili, ambaye mzigo wake hautuliki. Ameketi mezani na wanawe, lakini mawazo yako bandarini kwenye kontena. Yupo kanisani, lakini anahesabu marejesho ya mkopo. Mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa kufanya biashara Kariakoo kwa saa 24. Biashara yaweza kukesha, kwa sababu watu hupokezana zamu. Moyo wa mtu hauna wa kupokezana naye.

Tusieleweke vibaya. Hatuisifu njaa, wala hatumlaumu mama anayeuza nyanya tangu alfajiri ili mtoto apate ada ya shule. Mfanyabiashara mwaminifu huwapa wengi riziki, na kazi yake ni njema machoni pa Mungu. Tunachokiuliza ni hiki: je, mali yatutumikia sisi, au sisi twaitumikia? Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kuwa hata mtu bila daftari la dhamiri hupotea bila habari, huku mali yake ikizidi kuongezeka.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua moto. Wafanyabiashara wengi walipoteza mitaji waliyoijenga kwa miaka mingi. Asithubutu mtu kusema kuwa Mungu aliwaadhibu. Walistahili pole na msaada. Lakini moto ule watuuliza sisi sote: vikiteketea vyote usiku mmoja, asubuhi tutabaki na nani? Aliyekuwa na muda kwa mwenzi wake, kwa watoto wake, kwa majirani na kwa Jumuiya yake, huyo amepoteza duka, hakujipoteza mwenyewe.

Je, yawezekana kweli kuchagua kidogo kwa hiari? Tunaye mfano ambao hauko mbali. Pembezoni mwa Kariakoo, katika mtaa ambao leo waitwa Lumumba, chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Kiongozi wake, Julius Nyerere, alikuwa mwalimu huko Pugu, mwenye mshahara na heshima. Mwaka 1955 ilimlazimu kuchagua kati ya ualimu na siasa. Akaiacha kazi, akiwa tayari ana familia. Mwaka 1966, akiwa Rais, alijipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1985 akang'atuka, akarudi kijijini Butiama kulima. Twaweza kubishana juu ya siasa zake. Lakini alikuwa huru kuondoka, kwa sababu hakufungwa na kiti wala na mali. Asiyeweza kuacha kitu, huyo si mwenye kitu. Ni mtumwa wacho.

Makatekista wapendwa, ninyi mwajua jambo lingine linaloumiza parokia zetu. Wapo vijana walioishi pamoja miaka mingi, wamezaa watoto, nao hawajafunga ndoa. Ukiwauliza sababu, hawasemi kuwa hawapendani. Wasema bado wanatafuta fedha za ukumbi, za sare, za vinywaji, na kamati ya michango haijakamilisha bajeti. Hivyo wanakaa mbali na Meza ya Bwana kwa ajili ya meza ya karamu! Ndugu zangu, ndoa haidai ukumbi. Yadai ridhaa ya hao wawili, mbele ya padre au shemasi na mashahidi wawili. Wali wa nyumbani na majirani wanaowapenda watosha kabisa kwa sherehe. Sisi wazazi tuwe wa kwanza kuwaondolea vijana wetu mzigo huu, maana mara nyingi ni sisi tuliowatwika, kwa kuogopa maneno ya watu.

Basi, wiki hii tufanye mambo matatu. Kwanza, kila familia ikae pamoja na kusema wazi kiasi kinachoitosha, kwa maana asiyejua kinachomtosha hatatoshwa na chochote. Pili, Dominika tuifunge biashara yetu kwa saa kadhaa, tusali na kula pamoja. Tatu, katika Jumuiya Ndogo Ndogo tuwatafute wale wanaoichelewesha ndoa kwa sababu ya karamu, tuwasaidie kufika altareni.

Bwana Yesu awaita wote waliochoka kwa mizigo ili awapumzishe. Lakini hawezi kumpumzisha anayeung'ang'ania mzigo wake. Tuutue miguuni pake, tungali hai.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.