Vinasaba na Nasaba: Mjue Anayekupima
Mada kwa wananchi wa Chitete, Wilaya ya Momba, Mkoa wa Songwe



Hapa Momba, ukoo mmoja huweza kuwa na ndugu Tunduma na wengine Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Yanapozuka madai ya mtoto au mirathi, majibu ya vinasaba huonekana kuwa hukumu ya mwisho. Tunawaasa: kabla ya kuyaamini majibu, mjueni aliyeyatoa.

Mwaka 2018, polisi wa California, Marekani, walimkamata mtuhumiwa wa mauaji ya miaka ya 1970 na 1980. Walimfikia kupitia ndugu zake wa mbali, ambao vinasaba vyao vilikuwa katika kanzidata za kutafutia nasaba. Kumbe mate ya mtu mmoja hueleza habari za ukoo mzima.

Lakini vinasaba havitaji jina. Anayeunganisha majina ni binadamu, naye huweza kukosea. Mwaka 2014, mkazi mmoja wa New Orleans alishukiwa kwa mauaji kwa sababu vinasaba vya baba yake vilikaribiana na vya mhalifu. Alipopimwa mwenyewe, akaonekana hahusiki. Ndiyo maana huko Marekani wataalamu wa kazi hii wameunda bodi ya kuwapa ithibati watafiti wa nasaba.

Hapa nchini, kinga yetu ni Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Maombi ya upimaji hupitia wanaotambuliwa na sheria, wakiwemo mahakama, polisi, mawakili na maofisa ustawi wa jamii. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za vinasaba kuwa taarifa nyeti.

Basi, kabla ya kutoa mate au damu, uliza:

1. Nani ameomba kipimo hiki, na barua yake iko wapi?
2. Maabara gani itapima, na inatambuliwa na nani?
3. Ridhaa yangu imeandikwa, nami nimeielewa?
4. Majibu atakabidhiwa nani, na sampuli itahifadhiwa wapi?

Asiyeweza kujibu, msimpe sampuli. Nendeni kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, awaelekeze. Nasaba ni amana ya waliotangulia na ya watoto watakaozaliwa. Tusiikabidhi kwa tusiyemjua.