Mchwa Wanasingiziwa

Msikilizaji, sakafu ya ghorofani ikianza kubonyea pale Mji Mkongwe, Unguja, hukumu huwa tayari: mchwa. Dawa inanunuliwa, inapulizwa, na masika yajayo fundi anaitwa tena.

Leo nawatetea mchwa. Si wote. Wapo wanaoishi ndani ya mti mkavu, hawahitaji hata udongo, nao huacha vipunje kama mchanga chini ya fremu ya dirisha. Hao wabebe kesi yao. Waliobaki wengi hufuata maji, na kuvu vilevile. Mti wenye unyevu chini ya asilimia 20 hauozi. Ukilowa na kuvu ikaulainisha, mdudu anakuta chakula kimeshapikwa.

Tazama nyumba hizi zilivyojengwa. Ukuta mnene wa mawe ya matumbawe na chokaa, juu yake boriti za mikoko. Boriti ndiyo iliyoamua upana wa chumba, maana kwa kawaida haivuki sana mita 3. Ncha zake zimezama ukutani, na hapo ndipo uozo unapoanzia, mahali pasipofikiwa na jicho wala upepo. Katikati boriti ni nzima kabisa. Mwishoni limebaki gamba.

Wazee walipiga lipu ya chokaa, ambayo hunywa maji ya mvua kisha ikayatoa jua likiwaka. Sisi tukaja na saruji. Ngumu, laini, inapendeza! Ila maji yakishapenya kwenye ufa hayana tena pa kutokea. Yanabaki ukutani, na boriti inayanywa. Ongeza choo kilichopandishwa ghorofani, na bomba la kiyoyozi linalodondokea ukuta mchana kutwa.

Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu Desemba 2020. Sisemi ni kuvu, wala sisemi ni mchwa. Nasema lilikuwa mikononi mwa mafundi, likikarabatiwa, na bado likatuponyoka. Sembuse nyumba ya wapangaji sita ambao hakuna anayejua paa ni jukumu la nani.

Basi kabla ya masika, chukua bisibisi, ichome boriti pale inapoingia ukutani. Ikizama, usikimbilie duka la dawa. Panda juu ukague mlizamu, kisha muulize fundi wako kama bado anajua kuloweka chokaa.