Mkono wa Mtoto na Sanamu ya Kampala

Maneno yaliyosemwa na katekista mmoja mbele ya Wakristo na waalimu, siku ya Jubilei



Mapadre wetu, wazee, kina mama, waalimu wenzangu, na ninyi vijana. Siku ya Jubilei twahesabu mapato yetu: makanisa, shule na zahanati. Mimi nimeombwa kusema juu ya shule, nami nataka kutaja pato moja lisiloandikwa katika daftari, yaani ufundi wa mikono ya watoto wetu. Nitawasimulia kwanza habari za Gregory Maloba, mchongaji wa sanamu. Kisha nitaungama kosa langu.

Maloba alizaliwa mwaka 1922 huko Mumias, upande wa magharibi wa Kenya, akasomeshwa katika shule ya misioni. Husimuliwa ya kuwa angali mtoto aliiona sanamu ya Bikira Maria, nayo ikamshika moyo, hata akatamani kufanya kama hiyo kwa mikono yake. Watoto wangapi wameitazama sanamu ya namna ile wakapita? Yeye hakupita.

Siku zile alikuwako Makerere, nchi ya Uganda, Bibi mmoja Mwingereza, Margaret Trowell. Mwaka 1937 alianza kuwafundisha wanafunzi wachache kuchora na kuchonga, kwanza barazani pa nyumba yake mwenyewe. Maloba akawa mwanafunzi wake. Mwaka 1941, naye ni kijana wa miaka 19 hivi, alichonga katika mti sanamu aliyoiita Kifo. Baada ya vita alikwenda Uingereza kuongeza elimu, kisha akarudi Makerere kuwa mwalimu.

Tena asiseme mtu kwamba mambo haya ni ya watu wa mbali. Ndugu yetu wa mlima huu huu, Sam Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923, alifundishwa na Bibi yule yule. Alichora migomba yetu na kazi zetu Wachaga. Na mwaka 1961 akawa mjumbe mkuu wa Tanganyika katika mji wa London.

Zamani sanamu za ukumbusho zililetwa kwa meli. Ile sanamu ya Askari iliyoko Dar es Salaam ilisimamishwa mwaka 1927, na aliyeifanya ni Mwingereza, James Alexander Stevenson. Ni kazi njema, wala siitwezi. Walakini Uganda ilipopata uhuru, tarehe 9 Oktoba 1962, ukumbusho wake ulifanywa na Maloba. Naye hakufanya mfalme juu ya farasi, wala askari mwenye bunduki. Alifanya mama aliyesimama, mwili wake umezungushiwa nguo kama mtu aliyefungwa. Mikononi amemwinua mtoto, na mtoto ameinua mikono yake kuelekea mbinguni. Mfungwa ni mama, na aliye huru ni mwanawe. Sanamu hiyo ingali imesimama Kampala, na mfano wake umo katika noti za Uganda zilizotolewa tangu mwaka 2010. Maloba alifundisha baadaye Nairobi, akafariki mwaka 2007.

Sasa nisemeni habari zangu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikifundisha hesabu katika shule moja ya mlimani. Mvulana mmoja alikuwa akifinyanga kitu chini ya dawati. Nikamnyang'anya, nisikitazame, nikakitupa dirishani, kikavunjika juu ya jiwe. Hakulia. Masomo yalipokwisha akanijia, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Yule alikuwa bibi."

Bibi yake tulimzika juma lililotangulia, na mimi ndiye niliyeongoza sala kaburini. Nikatoka nje, nikainama, nikaokota vipande. Kimoja kilikuwa cha uso: mashavu yaliyobonyea, na kitambaa cha kichwa kilichofungwa upande, kama alivyozoea kukifunga yule mama peke yake. Nyumbani kwao hapakuwa na picha yake hata moja. Tangu siku ile sikumwona tena mtoto yule akishika udongo.

Basi, waalimu wenzangu, sisemi mwache hesabu. Mtoto na ajifunze hesabu. Nasema hivi: kabla hujakitupa kitu cha mtoto, kitazame. Bibi Trowell alitazama, nasi twajua yaliyotoka. Wazazi, msiseme kwamba udongo hauleti chakula. Bezaleli aliyeifanyia kazi hema ya Bwana alijazwa Roho ya Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono, ndivyo isemavyo Kutoka. Na sisi wa parokia, tutakapotaka sanamu ya kanisa au mlango wa kuchongwa, tuulize kwanza kama mlimani hapana mkono wa kuifanya kazi hiyo, kabla ya kuandika barua ng'ambo.

Mtoto yule leo ni mtu mzima, na labda amekaa kati yenu. Kama yupo, namwomba anisamehe. Na kama mwanawe naye hufinyanga, amlete kwangu. Nitakwenda naye mferejini kumchagulia udongo mzuri.